Kidenenda Namba 412

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya tarehe 9 Machi 1936, Bwana Tressel alivuta trei ya tatu kutoka kabatini, akainua kidenenda mmoja, ndege mdogo wa kahawia, kwa vidole viwili, akasoma lebo iliyofungwa miguuni, kisha akaisoma tena. Aliisoma mara ya tatu hata Flavian, aliyekuwa akipanga pamba ndani ya sanduku la safari, akaacha kazi na kugeuka.

"Flavian," Bwana aliita polepole. "Namba 415. Imeandikwa jike, tumboni yai. Ni kweli?"

"Kweli, Bwana. Yai nililitoa kwa mkono wangu."

"Basi njoo uangalie."

Flavian alikuja akaangalia. Katika videnenda wa aina ile dume ni mnene na jike ni mdogo, unaweza kumficha katika ngumi. Huyu aliyevaa lebo ya jike alikuwa mnene kuliko madume yote ya trei ile.

Bwana aliwatandaza wote kumi na wanne juu ya meza, akawapima mmoja mmoja. Ilipofika saa tatu alikuwa amekuta lebo nane zilizofungwa upya juu ya ndege wasio wake. Hakuna ndege aliyepotea wala unyoya uliong'olewa. Ila mtu alikuwa ameingia katika ghala la kambi, amekata nyuzi, amehamisha lebo kutoka miguu hii kwenda miguu ile, na kurudisha trei mahali pake.

"Ameniua," Bwana alisema, akaketi juu ya sanduku.

Asiyewajua videnenda atasema ni ndege mmoja tu. Wote ni wa kahawia, wote wana michirizi mgongoni, wote wanakula wadudu majanini. Bwana Tressel alikuwa amekuja Ufipa kuwatenga, huyu ni ukoo gani na yule ukoo gani, na kinachowatenga zaidi ni wimbo. Akishapigwa risasi na kujazwa pamba, ndege haimbi tena. Wimbo wake unabaki kwenye lebo. Ukiiondoa lebo, umebaki na manyoya.

Na katika trei ile alikuwamo namba 412.

Huyo ndiye ndege wa Felisiani. Felisiani alikuwa mkulima wa ulezi aliyeajiriwa msimu ule kubeba mifuko tu. Siku moja ya Februari, katika majani ya Malonje, alisimama ghafla akasema, "Bwana, huyo halii kama wenzake. Wenzake wanateremka na sauti. Huyo anasaga, kama mama anayesaga ulezi kwenye jiwe." Bwana alimgeukia Flavian, aliyemchunia ngozi za ndege kwa miaka sita, akamwuliza kama naye amesikia. Flavian alijibu, "Ni wale wale tu, Bwana." Bwana alisikiliza nusu saa akiwa amelala kifudifudi kwenye tope, kisha akampiga risasi yule ndege. Jioni alikuwa akicheka peke yake. Ndege wa namna ile hajapata kuandikwa katika kitabu chochote, alisema, na akikubaliwa huko London ataitwa kwa jina la Felisiani.

Flavian ndiye aliyemchuna. Tangu siku ile hakulala vizuri.

*

Koplo Selemani alifika kutoka boma saa tano kasoro robo, akisukuma baiskeli kwa sababu njia ya Milanzi ilikuwa matope matupu. Alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mwenye sauti ya upole iliyowatisha watu kuliko makelele. Aliketi kwenye baraza, akafungua daftari, akaanza na Flavian.

"Ghala lina funguo?"

"Halina, afande. Lina komeo tu, kwa ajili ya mbwa."

"Trei hii iliguswa lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi jioni, saa kumi na moja. Bwana aliiangalia, ilikuwa sawa."

"Na jana Jumapili?"

"Jana hakuna kazi. Bwana alikwenda kula bomani tangu saa moja, akarudi jioni. Sisi tulikwenda misa."

"Wewe misa ipi?"

"Ya pili. Inaanza saa tatu."

Koplo aliandika, akalamba midomo. "Inakwisha saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Na kutoka kanisani mpaka hapa?"

"Nusu saa."

"Mimi ni Mwislamu, ndugu yangu, mambo ya misa siyajui. Lakini kuhesabu najua. Ulitakiwa ufike hapa saa tano. Mbona Muhidin mwenye duka alikukuta hapa saa nne, umeketi ghalani, trei ya tatu magotini?"

Muhidin, aliyekutana na Koplo njiani, alikuwa amesimama kando, kanzu imepandishwa kukwepa tope. "Usinitazame hivyo, Flavian," alisema. "Nimeulizwa, nimesema."

"Nilitoka kanisani kabla ya kwisha," Flavian alijibu.

"Kwa nini?"

Flavian alitazama mikono yake. Padri alikuwa amesimama mbele ya watu wote akasema kwamba Mungu amemwangalia mtu mnyonge wa parokia hii, na kwamba ndege wa Ufipa atabeba jina la Felisiani mpaka Ulaya. Watu waligeuka kumtazama Felisiani, wanawake wakatabasamu. Flavian alisimama akatoka, kabla ya komunyo, katikati ya Kwaresima.

"Nilikuwa na wivu, afande," alisema.

Koplo aliinua kichwa. Watu wengi aliowahoji walianza na uongo. "Haya. Ukaja hapa ukafanya nini?"

"Nilitoa trei nikaiweka magotini. Nikasali."

"Ukasali. Kwa ndege?"

Askari aliyekuja naye akacheka. Flavian hakucheka. "Niliomba niondolewe ule wivu. Sikugusa ndege hata mmoja."

"Maombi yako yamejibiwa upande mwingine, naona," Koplo alisema.

Aliwaita wengine. Muhidin alikiri kwamba alikuwa amekasirika kwa sababu kazi ya kusafirisha masanduku kwa lori, aliyoitaka yeye, Bwana alimpa Abdala, shemeji wa Muhidin. "Jana nilikuja kumbembeleza Bwana, sikumkuta. Gari la Abdala breki zake ni za kuombea dua, afande, mwulize mtu yeyote. Lakini nibadilishe vikaratasi? Nami nasoma Kiarabu tu? Hicho Kiingereza chao kwangu ni nyayo za kuku."

Felisiani aliulizwa, akasema alibaki kanisani mpaka mwisho, na padri mwenyewe ni shahidi. Alijibu akiwa amekunja kofia yake. "Kaka Flavian hawezi," aliongeza bila kuulizwa. "Ndiye aliyenifundisha kushika bunduki."

Maneno hayo yalimchoma Flavian kuliko shutuma.

Wa mwisho alikuwa Eustace, karani wa kambi, kijana wa misheni aliyevaa soksi ndefu hata siku za mvua. Yeye ndiye aliyeandika lebo zote, Bwana akisema na yeye akiandika, kwenye meza yake mwisho wa baraza. Aliandika kwa penseli ya wino, ile ambayo mtu huilamba ncha ndipo itoe zambarau isiyofutika, na kwa hiyo midomo yake ilikuwa ya zambarau wakati wote kama mla zambarau za porini. Siku hiyo uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Unaumwa?" Koplo aliuliza.

"Tumbo, afande. Tangu jana asubuhi. Nilikwenda misa ya kwanza, ile ya saa kumi na mbili na nusu, nikarudi saa mbili, nikalala mchana kutwa. Sikusikia kitu."

"Wewe unaingia ghalani?"

"Kufuata nini? Mimi sigusi ndege. Ile sabuni wanayowapaka ndani ya ngozi ni sumu, inaua panya na mende. Mimi kazi yangu karatasi. Naandika, nampa Flavian, yeye ndiye anafunga."

"Kweli?" Koplo alimwuliza Flavian.

"Kweli," Flavian alisema.

Koplo alifunga daftari. Alimwambia Bwana kwamba lori linaondoka Jumatano alfajiri, naye atampeleka Flavian bomani Jumanne jioni, isipokuwa litokee jambo jipya. "Mtu aliyesema mwenyewe ana wivu," alisema, "aliyekutwa na trei mwenyewe, anayejua kufunga lebo mwenyewe. Nitafute nini zaidi?"

Bwana alimtazama Flavian kwa macho mekundu. "Miaka sita," alisema. "Niambie yupi ni 412, Flavian. Niambie tu, nitamwomba Koplo akuache."

Hapo ndipo Flavian alipotenda dhambi iliyomsumbua kuliko zote. Maana alimjua.

Siku ile ya Februari, akimchuna ndege wa Felisiani huku Felisiani akipiga mluzi nje, kisu chake kiliteleza. Katika miaka sita na ngozi zaidi ya elfu moja hakupata kuchana hata moja, na Bwana aliwaandikia hivyo wakubwa zake. Alichana hii, chini ya bawa la kushoto. Akashona mishono mitatu midogo, akalaza manyoya juu yake, hakuna aliyeona. Kumwonyesha Bwana mishono ile ilikuwa kusema: tazama mkono wangu ulivyomfanyia ndege wa mwenzangu. Nani angeamini kwamba mkono huo huo haukuhamisha lebo?

"Sijui, Bwana," alisema.

*

Zita, mke wa Flavian, ndiye aliyewapikia watu wa kambi. Flavian alimkuta jikoni akipepeta, naye alijua habari yote tayari.

"Mama Kristiana," Flavian alianza, kisha akashindwa. Alikaa kwenye kinu kilichoinamishwa. "Jana ulikwenda misa ipi?"

Zita aliacha kupepeta. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

"Baba Kristiana, kama ningetaka kumfanyia Felisiani ubaya, ningetia chumvi kwenye uji wake. Mimi na vikaratasi wapi na wapi? Hata jina langu silijui nikiliona." Aliupiga ungo kwa kiganja. "Ndiyo, nilikuwa na uchungu. Miaka sita unanuka ile sabuni kitandani kwangu, halafu mbeba mifuko wa miezi mitatu apewe ndege! Niliyasema hapa hapa, na yule Eustace akaniunga mkono. Alisema, 'Mama, wewe unalia kwa ajili ya mumeo, mimi nitaliliwa na nani?'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Sasa analia kweli. Anatapika tangu jana jioni, anadai maziwa, anasema mdomo wake una ladha ya shaba."

"Tangu jana asubuhi," Flavian alimsahihisha.

"Jioni, nimekwambia. Mchana alikula ugali hapa, matonge kama mtu aliyetoka kulima, akaomba na ukoko. Mgonjwa gani wa tumbo anakula ukoko?"

Flavian aliinuka. Akatoka nje akasimama uani, mvua nyepesi ikimdondokea, akarudia neno lile moyoni: ladha ya shaba. Mwaka wake wa kwanza wa kazi aliwahi kula muhogo bila kunawa mikono yenye ile sabuni. Alitapika siku mbili, na mdomo wake ulikuwa na ladha ya shaba. Tangu hapo hakuna mchunaji katika meza yake aliyeruhusiwa kutia kidole mdomoni kabla ya kunawa kwa majivu na maji, mara tatu.

*

Jumanne saa nne asubuhi alimwomba Koplo ruhusa ya kuziona lebo. Koplo alikubali, ila alisimama nyuma yake kabisa, pumzi ikimgonga shingoni.

"Angalia kwa macho. Ukigusa, gusa kwa mwendo wa konokono."

Flavian alizitazama nyuzi. Alipokuwa akichuna alijipaka unga wa mahindi mikononi, kunyonya damu na mafuta, na alifunga lebo akiwa na unga huo huo. Kila fundo lake lilikuwa na unga ulioganda ndani, mgumu kama chokaa. Sita kati ya kumi na nne zilikuwa hivyo. Nane zilikuwa na uzi mpya, safi, usio na unga hata chembe.

"Uzi huu umetoka wapi?" Koplo aliuliza.

"Kibunda cha uzi kiko juu ya meza ghalani, yeyote anaweza kuchukua. Tazama ncha zake, afande."

Koplo aliinama. Ncha ya kila uzi mpya ilikuwa ya zambarau, urefu wa ukucha.

"Rangi ya penseli," Koplo alisema. "Lakini lebo zote zimeandikwa kwa penseli hiyo. Imechujuka."

"Haichujuki, ndiyo maana tunaitumia. Na nyuzi zangu hazina rangi. Mimi napitisha uzi kwenye tundu la lebo kwa sindano." Flavian aligeuka. "Wewe, afande, ukishona kifungo bila mtu wa kukusaidia, uzi unauingizaje kwenye tundu?"

Koplo alitaka kujibu, akajikuta ameinua vidole mpaka mdomoni. Akavishusha taratibu. Uzi hulambwa kwanza.

"Mambo haya," alisema. "Endelea."

"Jambo la pili. Mchunaji akitaka kuficha ndege, atabadili dume kwa dume, jike kwa jike, na Bwana asingegundua mpaka London. Huyu alimvika dume mnene lebo ya jike mwenye yai. Hajui ndege. Lakini katika lebo kumi na nne alijua ipi ina maneno ya Felisiani. Kwa hiyo anajua kusoma Kiingereza na hajui ndege. Muhidin hasomi. Mke wangu hasomi. Felisiani hasomi, na ndege ni wake. Mimi nazijua tarakimu tu, na ndege nawajua."

"Bwana mwenyewe anasoma."

"Bwana anawajua hawa kuliko mimi."

Koplo alivuta pumzi ndefu. "Waite wote saa tisa," alisema. "Na hiyo pingu niliyokuja nayo, ngoja kwanza ikae mfukoni."

*

Saa tisa walikutana kwenye baraza. Eustace aliletwa ameshikwa mkono, akaketi kwenye kiti chake cha ukarani, jasho likimtoka ingawa hewa ya Ufipa ilikuwa baridi. Felisiani alisimama karibu na nguzo. Muhidin alikuja bila kuitwa.

"Eustace," Koplo alianza, "ulisema tumbo lilianza jana asubuhi, ukalala mchana kutwa?"

"Juzi, afande. Jumapili asubuhi."

"Na mchana wake ukala ukoko kwa Mama Kristiana."

"Nilijilazimisha."

"Ndege huwagusi?"

"Nimeshasema. Naogopa sumu."

Koplo alimwachia Flavian nafasi kwa kutikisa kichwa. Flavian alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini alipoona midomo ile ya zambarau ikitetemeka, maneno yote aliyoyapanga kwa hasira yalimpotea. Alichuchumaa mbele ya kiti.

"Mdogo wangu, nisikilize. Miguu ya ndege wale ina sabuni, na nyuzi za zamani zina sabuni. Aliyezikata kwa vidole vyake, kisha akalamba uzi mpya mara nane, amekula sumu mara nane. Ladha ya shaba mdomoni, kutapika, miguu kufa ganzi. Mimi niliyapata. Nilipona kwa sababu nilisema mapema. Kama hukugusa ndege, basi una tumbo la kawaida, kalale. Kama uligusa, sema sasa hivi, mganga wa bomani ajue anatibu nini. Mimi sitaki ufe."

Matone yalidondoka kutoka kwenye paa.

"Ganzi," Eustace alinong'ona. "Nina ganzi vidoleni."

"Uligusa?"

"Niligusa." Kisha sauti yake ikapanda. "Niligusa! Nilirudi saa mbili, hapakuwa na mtu, nilimaliza kabla ya saa tatu na nusu! Lebo mia nne na zaidi msimu huu, na mia tatu za mwaka jana, nani aliandika? Mimi! Nilifaulu mtihani wa walimu, nikaambiwa nafasi hakuna. Nikaja hapa kuandika 'dume, jike, dume, jike' mpaka ulimi ukawa wa rangi. Halafu Bwana ananiita, ananipa karatasi nzuri, ananiambia niandike London kwamba ndege aitwe Felisiani. Mtu anayetia dole gumba! Niliandika jina lake kwa mkono wangu, afande. Yeye hata hawezi kulisoma!"

Felisiani aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Sikumwibia," Eustace aliendelea, sasa analia. "Nilitaka tu ndege wake apotee katikati ya wenzake. Awe wa kahawia kama wengine. Kama mimi."

"Na mimi nikapelekwa jela?" Flavian aliuliza.

"Sikujua utarudi mapema. Ulipokamatwa, nikasema moyoni, yeye naye alitaka. Mkewe alisema. Nikaona kama tumegawana."

Koplo alimwinua Eustace kwa kwapa, pasipo ukali, akamwagiza askari amweke kwenye baiskeli na kumpeleka kwa mganga upesi. Zita alikuja na kibuyu cha maziwa, akamnywesha, akisema, "Kunywa, mjinga wewe, kunywa." Muhidin aliweka bega lake upande wa pili wa baiskeli bila kuambiwa. Mashtaka, Koplo alisema, yatangoja mpaka mtu aweze kusimama.

*

Walibaki watatu na trei, Koplo akiwa pembeni. Bwana alikuwa ameketi vile vile, mikono imening'inia.

"Asante, Flavian. Nimekukosea, nitalisema bomani. Lakini Eustace mwenyewe hajui alimvua nani akamvika nani. Felisiani, hebu tazama. Wewe unamjua ndege wako."

Felisiani aliinama juu ya madume saba manene yenye uzi mpya, yaliyofanana kama punje za ulezi. Aliyatazama moja baada ya jingine. Kisha akaachia pumzi.

"Namjua kwa sauti, Bwana. Hawa wamenyamaza."

"Basi barua yangu nitaifuta," Bwana alisema. "Nitaandika nilikosea."

Flavian alisimama. Sasa alikuwa huru. Koplo alikuwa anatoa pingu mfukoni na kuifunga kwenye kitambaa, lori lingeondoka alfajiri, na hakuna mtu duniani ambaye angemwuliza tena swali lolote. Ngozi elfu moja bila mchano hata mmoja zingebaki kuwa elfu moja. Ndege wa Felisiani angerudi kuwa wa kahawia. Alitambua, kwa hofu, kwamba kile alichokitamani moyoni pale kanisani kilikuwa mbele yake, tayari, na yeye hakuhitaji kufanya kitu ila kunyamaza. Eustace alikata nyuzi. Yeye angeimaliza kazi hiyo kwa mdomo uliofungwa.

Alifanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono, akaanza kuinua mabawa ya kushoto. Wa kwanza. Wa pili. Wa sita ndipo alipomkuta.

"Huyu hapa," alisema.

Bwana alivaa miwani. Chini ya bawa, manyoya yalipopulizwa, ilionekana mishono mitatu midogo kama nyayo za siafu.

"Hii ni nini?"

"Nilimchana, Bwana. Siku ile. Nikamshona nikaficha. Nilimjua tangu jana asubuhi uliponiuliza, nikasema sijui."

"Kisu kiliteleza?"

Flavian alifikiri, kwa kuwa alitaka kusema kweli na kweli yenyewe hakuwa na uhakika nayo. "Kiliteleza, au nilikiacha kiteleze. Mungu ndiye anajua. Nilikuwa nasikia huyu akipiga mluzi nje, nikachukia."

Bwana alilaza manyoya mahali pake. Kisha alichukua penseli, akailoweka kwenye kikombe cha maji badala ya kuilamba, akaandika lebo mpya kwa mkono wake, akaisukuma mezani. Flavian alijipaka unga mikononi. Alipitisha uzi kwa sindano, akavusha mguu wa kulia wa ndege juu ya wa kushoto, akakaza fundo, na unga ukabaki ndani yake.

"Kaka Flavian," Felisiani aliita kwa sauti ndogo. Alikuwa bado amekunja kofia. "Mimi sikuomba jina. Wangeandika hata lako."

"Ni lako."

"Lakini siku ile Bwana alikuuliza kama umesikia tofauti. Ukasema ni wale wale. Nilidhani labda ni masikio yangu. Nilikaribia kunyamaza."

Nje mvua ilikuwa imekoma, na majani marefu yalianza kusikika tena, videnenda wa kawaida wakiteremka na nyimbo zao, mmoja huku, mmoja kule. Flavian alinawa mikono kwa majivu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kabla ya kujibu.

"Nilisikia, Felisiani," alisema. "Nilimsikia kabla yako."